Funmi wa Abeokuta na lugha ya wanyonge

Kila inapowadia Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, mijadala kuhusu haki za wanawake aghalabu hufanyika katika kumbi za hoteli za kifahari, tena kwa Kiingereza. Wale wanaotajwa sana katika hotuba hizo, yaani wanawake wa mashambani na masokoni, mara nyingi huwa hawapo. Mintarafu ya jambo hili, napenda kumkumbusha msomaji maisha ya mwanamke aliyeuona mwanya huo takriban miaka 80 iliyopita na kujitahidi kuuziba. Huyo si mwingine ila Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria.

Alizaliwa Oktoba 25, 1900, mjini Abeokuta katika nchi ya Wayoruba, akapewa majina ya Frances Abigail. Mwaka wa 1914 alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kupokewa katika shule ya Abeokuta Grammar School, na mwaka wa 1919 akaenda kusoma Uingereza. Aliporejea mwaka wa 1922 alikuwa ameyatupilia mbali majina hayo ya Kizungu. Mwaka wa 1925 aliolewa na Kasisi Israel Ransome-Kuti, mwalimu aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa chama cha walimu wa Nigeria.

Chama cha wanawake alichokianzisha mwaka wa 1932 kilikuwa cha mabibi waliosoma. Walikutana kujifunza ushonaji, upishi na adabu za nyumbani. Lau angekomea hapo, yamkini tusingalimjua leo. Lakini katika miaka ya 1940, wanawake wachuuzi wa sokoni walianza kujiunga ili wafunzwe kusoma. Katika madarasa hayo ya ngumbaru, wanafunzi ndio waliogeuka walimu. Walieleza jinsi mchele wao ulivyonyang'anywa na maajenti wa serikali wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Walieleza pia kuhusu kodi: msichana alianza kutozwa akiwa na umri wa miaka 15, ilhali mvulana alingojea hadi miaka 16, na mke alitozwa peke yake, mbali na mumewe. Fauka ya hayo, wanawake hao hawakuwa na mwakilishi hata mmoja katika baraza lililoamua kodi hizo.

Mwaka wa 1946 chama kikabadilishwa na kuitwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta. Wanachama walilipa ada zao wenyewe, na idadi yao ilikadiriwa kufikia 20,000. Funmilayo aliyavua magauni ya Kizungu, akajifunga vitambaa kama wachuuzi wenzake, na mikutano ikaendeshwa kwa Kiyoruba. Hata mbele ya maafisa wa Kiingereza alizungumza Kiyoruba, wakalazimika kutafuta mkalimani.

Mimi ni mwanaisimu, na kwangu hicho ndicho kiini cha kisa hiki. Lugha ya mkutano huamua nani awe mwenyeji na nani awe mgeni. Mchuuzi aliyemsikia kiongozi wake akimkabili afisa kwa Kiyoruba aliweza kufuata kila neno, na hata kumsahihisha pale alipopotoka.

Walipokataliwa kibali cha kuandamana, wanawake hao walisema kwamba wanakwenda kwenye sherehe tu. Mwishoni mwa 1947, maelfu yao walikesha nje ya kasri la mfalme wa Abeokuta, Alake Ademola wa Pili, ambaye Waingereza walimtumia kukusanya kodi, wakimwimbia nyimbo za kumkashifu. Baadhi walitiwa gerezani kwa kukataa kulipa. Mwaka wa 1948 kodi ya wanawake ilisimamishwa, na Januari 1949 Alake akang'atuka. Baraza la muda lililofuata lilikuwa na wanawake wanne. Ushindi huo haukuwa kamili, kwani mfalme alirejea mwaka wa 1950. Hata hivyo, Abeokuta ilikuwa imeonyesha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Kutoka hapo alieneza vyama vya wanawake kote Nigeria na kushirikiana na vile vya nchi nyingine, hata serikali ikakataa kumpa pasipoti mpya katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1970 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Lenin. Februari 1977 wanajeshi walivamia makazi ya mwanawe, mwanamuziki Fela, jijini Lagos, wakamtupa mama huyo kutoka dirishani. Hakupona vyema. Aliaga dunia Aprili 13, 1978.

Nchini Kenya vikundi vya akina mama havihesabiki, na Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo, kikundi cha mashambani kinachotaka ufadhili mara nyingi hupewa fomu ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba anayejua kuijaza fomu ndiye huwa msemaji, hata kama hajawahi kubeba mtungi wala kuketi sokoni. Mfadhili naye husoma haja za mwandishi wa fomu akidhani ni haja za kikundi.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza hakiepukiki, na kwamba Funmilayo mwenyewe alikitumia. Ni kweli. Alipokuwa London mwaka wa 1947 aliandika katika gazeti la Daily Worker kwa Kiingereza, kwa kuwa wasomaji wake walikuwa Waingereza. Lakini kule Abeokuta mzigo wa tafsiri aliubeba yeye aliyesoma, au aliubebesha serikali. Hakumtwika mchuuzi.

Kwa hivyo, anayetaka kwa dhati kuvisaidia vikundi vya wanawake wa chini, awe ni serikali au mfadhili wa ng'ambo, na aanze kwa kupokea maombi na hesabu zao kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama wanayoielewa wanachama wote. Gharama ya mkalimani ni ndogo. Mwenye fedha ndiye anayepaswa kuilipa.