MAISHA YA MAMA WANJIKU, MZAZI WA NGUGI WA THIONG'O

Wengi wetu tumesikia jina la Ngugi wa Thiong'o, mwandishi mkubwa wa Kenya, aliyetunga vitabu na michezo ya teatre, na kufariki Marekani tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 2025. Lakini wanaomjua mama yake ni wachache. Kila mto una chemchemi yake. Basi tumwangalie mama huyu.

Jina lake ni Wanjiku. Alikuwa binti wa mzee Ngugi wa Gikonyo, Mkikuyu wa upande wa Limuru, karibu na Nairobi. Aliolewa na Thiong'o wa Nducu, mtu mwenye mifugo, akawa bibi wa tatu kati ya wanne. Mwaka 1938 alizaa mtoto mwanaume, akapewa jina la babu, baba ya mama yake, kufuatana na desturi yao.

Thiong'o alikuwa amenunua shamba kwa mapatano ya wazee, mbele ya mashahidi, pasipo karatasi. Mtu mwingine akapata karatasi ya serikali ya wazungu juu ya shamba lilelile, na haki ikamwendea mwenye karatasi. Tangu hapo jamaa ile ikakaa kwenye udongo wa wengine.

Mama Wanjiku hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, mwaka 1947, ni yeye aliyemwuliza mtoto kama anataka kuingia masomo. Hakumficha umaskini wao. Alimwonya kwamba siku nyingine atashinda na njaa. Wakafanya agano: mtoto asiache masomo kwa sababu ya njaa ao taabu, na siku zote afanye kwa nguvu yake yote. Feza ilitoka katika jasho la mama. Mtoto alipoleta pointi nzuri, hata 10 kwa 10, mama aliuliza tu kama huo ndio mwisho wa uwezo wake.

Baadaye mifugo ilikufa kwa ugonjwa, na Thiong'o akaingia katika ulevi. Alimpiga Wanjiku, naye akakimbilia kwa baba yake. Kisha Ngugi na mdogo wake walifukuzwa, wakamfuata mama.

Mwaka 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita ya Mau Mau. Wallace Mwangi, mtoto mwingine wa Wanjiku, aliingia porini pamoja na wapiganaji. Mama akakamatwa, akateswa katika kambi ya walinzi huko Kamirithu. Mwaka 1955 Ngugi aliingia Alliance High School. Aliporudi likizo, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa kwa nguvu. Lakini agano lilisimama: mtoto hakuacha masomo.

Mwaka 1962 mchezo wake The Black Hermit ulionyeshwa Kampala. Mwaka 1977, kulekule Kamirithu mama alikoteswa, Ngugi na mwenzake Ngugi wa Mirii walitoa mchezo Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, lugha ya mama. Wakulima na wafanyakazi wa kijiji ndio walioucheza. Ni habari ya maskini anayenyang'anywa shamba lake na matajiri. Anayejua habari za jamaa ya Thiong'o hashangai. Serikali iliukataza mchezo, na tarehe 31 mwezi wa 12 mwandishi alifungwa, akakaa gerezani karibu mwaka mzima pasipo hukumu.

Wapendwa, hapa Moba tunao wamama wengi wanaouza mihogo na samaki ili mtoto apate daftari. Wengine wanafikiri kwamba, kwa kuwa hawakusoma, hawawezi kumwongoza mtoto katika masomo. Mama Wanjiku hakuweza kusoma hata ukurasa mmoja wa vitabu vya mwana wake. Lakini aliweza kulima, kuvumilia, na kumwuliza mtoto kila mara kama amefanya kwa nguvu yake yote. Ulizo hilo halidai diploma. Mzazi ye yote anaweza kuliuliza leo jioni, mtoto anaporudi nyumbani.