Siti binti Saad: Aliyeitoa taarabu katika kasri na kuipa Kiswahili

UTAMADUNI wa taifa moja unapovuka bahari, aghalabu hufikia kwanza kwa wakubwa. Ndivyo taarabu ilivyoingia Zanzibar. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri, na masimulizi ya Visiwani yanaeleza kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo kujifunza qanuni. Kwa miaka mingi muziki huo ulibaki kuwa burudani ya kasri na ya matajiri, ukiimbwa na wanaume kwa Kiarabu.

Aliyeufikisha kwa walalahoi hakuzaliwa katika kasri. Alizaliwa mwaka 1880 kijijini Fumba, na wazazi wake, waliokuwa na asili ya utumwa, wakamwita Mtumwa. Shule hakuiona. Aliishi kwa kuuza vyungu, akivitembeza kwa miguu hadi mjini na kuvinadi kwa sauti iliyotambulika kabla mwenyewe hajaonekana.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin alimfundisha kuimba, na baadaye akaungana na wanamuziki kama Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Talsam. Jina la Mtumwa likasahaulika, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Wapo waliomkejeli kwa kutoka shamba. Aliwajibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya sura na ukoo. Ala na mahadhi vilitoka ng'ambo, lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili na yalihusu maisha ya Ng'ambo ya mji: mapenzi, dhuluma na mahakama zisizowatendea haki wanyonge. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia mauaji ya mwanamke na muuaji aliyeikwepa sheria.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri, ambazo zilienea haraka katika pwani ya Afrika Mashariki.

Siti alifariki dunia mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Sultani aliuleta muziki wa Misri, lakini muuza vyungu wa Fumba ndiye aliyeufanya uwe wa Waswahili.