Mkimbizi aliyewafungulia wanagenzi mlango wa tarakilishi

KIJANA wa Voi, Mwatate au Wundanyi anayejifunza kuandika programu za tarakilishi siku hizi huanza kwa kuiamuru mashine ichapishe salamu kwenye kioo. Huandika mstari mmoja, akabonyeza kitufe na kupata jibu papo hapo.

Wepesi huo haukuzuka wenyewe. Miongoni mwa walioupigania ni marehemu John Kemeny, mwanahisabati aliyeshikilia kwamba tarakilishi si mali ya wataalamu pekee.

Kemeny alizaliwa Mei 31, 1926 jijini Budapest, Hungary, katika familia ya Kiyahudi. Chuki dhidi ya Wayahudi ilipozidi barani Ulaya, babake alitangulia Marekani, na mnamo 1940 jamaa yake ikamfuata New York. Babu yake alikataa kuhama, akaangamia katika mauaji ya halaiki.

Ugenini, akisoma kwa lugha isiyokuwa yake, mvulana huyo aliibuka wa kwanza darasani alipomaliza shule ya upili mnamo 1943, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Princeton.

Mnamo 1945 jeshi lilimpeleka Los Alamos, kulikoundwa bomu la atomiki. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu kwa mashine za kadi zilizotobolewa, usiku na mchana. Miaka mingi baadaye alikadiria kuwa kazi iliyowachosha kwa mwaka mzima ingeweza kukamilishwa na mwanafunzi mmoja kwa alasiri moja.

Alikuwa msaidizi wa Albert Einstein katika hisabati, na alipata shahada ya uzamifu mnamo 1949 akiwa na umri wa miaka 23. Alianza kufunza katika Chuo cha Dartmouth mnamo 1953.

Wakati huo chuo hicho hakikuwa na tarakilishi. Mwenzake, Thomas Kurtz, alilazimika kudamka na kupanda gari la moshi hadi Boston, akiwa amebeba sanduku la kadi za programu. Ilikuwa sawa na kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga unga iliyo mbali: unaacha mzigo wako na kungojea zamu. Tofauti ni kwamba kosa la herufi moja lilimrudisha mtu mwanzo.

Wawili hao waling'amua kwamba utaratibu huo ungewafungia nje wanafunzi wengi, hasa wa sanaa, ambao ndio wangekuja kuwa viongozi na waamuzi. Waliamua kuunda mfumo wa kuwahudumia watu wengi kwa mashine moja, iliyomgawia kila mtu nukta chache kwa zamu hadi akadhani ni yake peke yake. Pamoja nao walibuni lugha nyepesi, BASIC.

Katika lugha hiyo neno LET liliipa herufi thamani, PRINT likachapisha jibu na END likatamatisha kazi. Kila mstari ulikuwa na nambari yake, na mashine ilizifuata kwa mpangilio. Mwanafunzi aliweza kuandika programu yake ya kwanza baada ya saa chache za masomo.

Sehemu kubwa ya mfumo iliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, licha ya walioshuku uwezo wao. Mnamo Mei 1, 1964, saa kumi alfajiri, programu mbili za BASIC ziliendeshwa kwa wakati mmoja na zikatoa majibu.

Kemeny na Kurtz hawakuiuza lugha hiyo, waliitoa bure. Mnamo 1975 Bill Gates na Paul Allen waliandika toleo lake kwa tarakilishi ndogo ya Altair, na hiyo ikawa bidhaa ya kwanza ya Microsoft.

Kemeny aliongoza Dartmouth kuanzia 1970 hadi 1981 huku akiendelea kufunza. Katika uongozi wake, mnamo 1972, chuo kilianza kuwasajili wanawake kama wanafunzi kamili.

BASIC haikukosa wapinzani. Baadhi ya wataalamu walidai iliwazoesha wanagenzi tabia mbaya. Kemeny na Kurtz wenyewe hawakuridhishwa na matoleo yaliyozagaa, na mnamo 1983 walianzisha kampuni ya kutoa toleo lililorekebishwa.

Alifariki Desemba 26, 1992 akiwa na umri wa miaka 66. Kurtz alimfuata mnamo Novemba 2024.

Leo wanagenzi wengi huanza na Python, iliyotolewa mnamo 1991. Nchini Kenya, mafunzo ya uandishi wa programu yaliidhinishwa kwa shule mnamo 2022, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta hufunza sayansi ya tarakilishi katika kaunti ambayo zamani ilijulikana zaidi kwa mkonge, vito na reli.

Kijana wa huko anayehofia kwamba somo hilo ni la wateule anarudia hofu ambayo mkimbizi wa Budapest alitumia maisha yake kuiondoa.