Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Alifanya pia utafiti katika Afrika ya Mashariki, yakiwemo majaribio ya dawa ya malale.

Utafiti juu ya mifugo

Mwaka 1897 Koch alifika Dar es Salaam akitokea Uhindi. Alichunguza malaria pamoja na ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, ambao leo huitwa nagana. Yeye aliuita surra, kwa jina la ugonjwa wa ngamia na farasi wa Uhindi. Baadaye ilithibitika kwamba magonjwa hayo mawili husababishwa na tripanosoma wa aina tofauti: nagana huenezwa na mbung'o, lakini surra huenezwa na nzi wengine wanaouma.

Amani na visiwa vya Sese

Mwaka 1906 Koch alirudi akiongoza msafara wa serikali ya Ujerumani wa kuchunguza malale, ugonjwa wa binadamu unaosababishwa pia na tripanosoma. Kazi ilianzia katika taasisi ya utafiti ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, leo katika wilaya ya Muheza. Kutoka huko msafara ulielekea Ziwa Viktoria, ukafika visiwa vya Sese nchini Uganda, ambako malale ilikuwa imeua watu wengi.

Huko Koch aliwadunga wagonjwa sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki. Mwanzoni vimelea vilitoweka katika damu na wagonjwa wengi walipata nafuu. Lakini kwa wengi ugonjwa ulirudi. Koch aliongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu 1, na wagonjwa 22 wakapofuka moja kwa moja. Baada ya hapo alirudia kipimo cha awali. Alipendekeza pia wagonjwa watengwe katika kambi. Aliondoka mwaka 1907 bila kupata tiba ya kuaminika.

Baada yake

Msaidizi wake Friedrich Karl Kleine aliendelea na utafiti, na mwaka 1909 alionyesha kwamba tripanosoma hukua ndani ya mwili wa mbung'o. Baada ya kifo cha Koch, kampuni ya Bayer ilitengeneza suramini, dawa isiyo na aseniki. Ilitumika kutibu malale katika hatua za mwanzo, na pia surra ya ngamia.

Leo Koch anakumbukwa kwa ugunduzi wake, lakini majaribio ya Sese hutajwa pia kama mfano wa madhara ya utafiti wa tiba wakati wa ukoloni.