Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi Aliyezitangulia Kesi

Miongoni mwa wanazuoni waliozaliwa katika kisiwa hiki cha Mvita, ni wachache ambao majina yao hutajwa barazani mpaka leo kana kwamba wamefariki juzi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui ni mmoja wao. Wengi humtaja kwa ajili ya dini, kwa kuwa aliandika sana juu ya dini. Wengine humtaja kwa mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyesomesha katika vyuo vikuu vya Afrika na Marekani. Mimi leo nataka kumtaja kwa kazi aliyoifanya kortini, yaani ukadhi, kwa sababu naona tumeisahau, na kwa sababu kazi hiyo ina jambo la kuwafaa vijana wetu walioshika kazi za sheria pasipo kuwa mawakili.

Vijana hao nawaona kila nikishuka mjini. Wako makarani wa korti, wako wakalimani, wako waandikaji wa barua na hati, na wako hawa wanaoitwa wasaidizi wa sheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewatambua rasmi hapa Kenya. Kazi ya hawa wa mwisho ni kumweleza mnyonge haki yake kwa lugha anayoifahamu, kabla hajasimama mbele ya hakimu na kabla hajatoa hata shilingi moja kwa wakili. Watu husema hii ni kazi mpya. Mimi sisemi hivyo. Hapa Mji wa Kale ilifanywa tangu mwaka 1930, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na aliyeifanya akaishia kukalia kiti cha Kadhi Mkuu.

Sheikh al-Amin alizaliwa Mombasa mwezi wa Januari mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, alikuwa mwanachuoni mkubwa mwenye ulimi usioogopa mtu. Sayyid Barghash alimtia gerezani kwa ajili ya mafundisho yake, na hakutoka mpaka Sayyid Khalifa alipoketi mahali pa nduguye. Ukoo wa Mazrui ulikuwa umeutawala mji huu hata mwaka 1837, Sayyid Said alipoutwaa, kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kupoteza ngome ikabakiwa na vitabu. Na hivyo vitabu navyo alikaribia kuvikosa, kwani mzee wake alifariki mwaka 1894, yeye hajatimiza hata miaka minne.

Aliyemlea ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu. Hapo ndipo alipoanza kusoma. Kisha akavuka kwenda Unguja kwa masheikh wawili ambao pwani nzima iliwategemea: Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi wa huko, na Sheikh Abdallah Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Namwomba msomaji alitazame jambo hili kidogo. Sheikh al-Amin hakusoma sheria Uingereza, wala hakuvaa kofia ya manyoya ya mawakili. Aliisoma juu ya mkeka, mbele ya watu waliokuwa wakiitumia. Mlezi wake kadhi, mwalimu wake kadhi. Mwanafunzi wa namna hiyo hujifunza kitabu, na pamoja na kitabu hujifunza namna mzee anavyomnyamazisha mume anayefoka, anavyomsubiri mwanamke amalize kulia ndipo amwulize mashahidi wake, na anavyojua kwamba hati iliyoletwa imeandikwa jana ingawa tarehe yake ni ya zamani. Mambo haya hayamo katika vitabu vya fikihi. Karani yeyote wa korti aliyedumu kazini miaka mingi atakuambia maneno hayo hayo.

Na korti yenyewe aliyoikuta ilikuwa imekwisha kupunguzwa. Kwa mapatano ya mwaka 1895 Waingereza waliupangisha ukanda huu wa maili kumi kutoka kwa Sultani wa Unguja, kwa pauni 11,000 kwa mwaka, na wakaahidi kwamba sheria ya Kiislamu haitaguswa. Mahakama za makadhi, maliwali na mamudiri zikabaki. Lakini juu yao wakakalishwa mahakimu wa Kizungu waliokuja na sheria za Kihindi na za Kiingereza, na polepole mambo ya jinai na biashara yakahamishwa huko. Kadhi akaachiwa nyumba ya mtu: ndoa, talaka, mirathi. Mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha mashamba na viwanja vya pwani. Kila mwenye madai ilimbidi ayapeleke, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wako waliokuwa na hati za Kiarabu sandukuni wasijue kwamba zinatakiwa popote. Wengine waliandikisha, kisha wakauza kidogo kidogo ili kulipia harusi.

Sheikh al-Amin aliyaona haya akiwa kijana. Na kutoka Misri yalikuwa yakimfikia maandishi ya Sheikh Muhammad Abduh na ya Rashid Rida, mwenye jarida la al-Manar lililoanzishwa Cairo mwaka 1898. Huko alijifunza kwamba mwanachuoni anaweza kusema na watu kwa karatasi, asingoje waje msikitini.

Basi mwaka 1930 akatoa kijigazeti alichokiita Al-Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, lililokuwa na Kiswahili na Kiarabu pamoja. Usidhani ni gazeti la kurasa ishirini lenye picha. Vilikuwa vitu vidogo, vya fedha chache, na havikudumu miaka mingi. Lakini hebu fikiri ni nani aliyeweza kuvisoma. Wakati ule skuli za serikali zilikuwa na watoto wachache wa Kiislamu, na herufi za Kirumi wazee wengi waliziona kama nyayo za kuku. Kila aliyepitia chuoni, mwanamume kwa mwanamke, alizijua alifu na bee. Kwa herufi hizo Kiswahili kiliingia uani, mahali ambapo tangazo la serikali halikufika.

Alichokiandika kilikuwa kikali. Aliwasuta watu kwa kuuza ardhi zao na kula thamani yake. Aliwasuta kwa israfu za maarusi na matanga. Aliwasuta kwa kuwaiga Wazungu katika mavazi na starehe huku wakiacha kuwaiga katika elimu na kushikamana. Alitaka watoto wasomeshwe, na wa kike nao wasomeshwe, jambo ambalo siku hizo lilimtolea maneno. Mimi niliyesoma chuoni kwa kuchapwa viboko, kisha nikaishi kwa kuandika magazetini, nikiisoma lugha yake huona uvivu wetu sisi wa leo: sentensi zake ni fupi, hazina mapambo, na huwezi kujifanya hukuelewa.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, si wake, ili msomaji aone kwa nini kadhi alihitaji gazeti. Mtu amekufa Kibokoni ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na nyumba moja ya mawe. Sheria iko wazi: igawe nyumba mafungu 24, mke apate 3, mwana wa kiume 14, wa kike 7. Mwanafunzi wa chuo aliyeanza mirathi huipiga hesabu hiyo kwa vidole. Lakini baina ya hesabu na mtu kuna bahari. Kaka hukaa ndani ya nyumba, hupokea kodi ya chumba cha chini, na dada huambiwa si adabu kumpeleka ndugu yake kwa kadhi. Miaka thelathini ikapita, mashahidi wakafa, hati ikaliwa na mchwa. Hapo ndipo wajukuu wanapokuja kortini wakitukanana. Katika jamaa zangu yuko bibi mmoja aliyezeeka kwa kukaa chumba cha kupewa, ndani ya nyumba ambayo mafungu 7 yake yalikuwa haki yake kwa Kurani. Hakunyang'anywa kwa nguvu. Hakuambiwa tu.

Kadhi hawezi kumhukumia mtu ambaye hakuja. Hakimu hungoja kesi, na ndiyo heshima yake. Lakini Sheikh al-Amin alizitangulia kesi kwa kalamu, akamfikia mtu angali nyumbani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ukadhi wake, ingawa aliianza kabla hajaandikiwa mshahara hata mmoja.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa. Hapo pana swali ambalo wazee hulizungusha barazani bila kulimaliza: mtu aliyewaonya watu wasimezwe na Mzungu, vipi akubali kukalia kiti kinacholipwa na Mzungu? Wako waliosema kiti kilimfunga mdomo. Ni kweli kwamba hakimu wa serikali hawezi kuandika kila anachokiona, na magazeti yale hayakuwa na maisha marefu baada ya hapo. Lakini mimi nauliza, kiti kile kingekaliwa na nani? Korti ya kadhi ilikuwa ndiyo mahali pa mwisho palipobaki ambapo mwanamke wa Mji wa Kale angesikilizwa kwa lugha yake na kwa sheria ya dini yake, bila mkalimani kumgeuzia maneno. Kuiacha kwa mtu asiyejua, ili wewe ubaki na mikono mitupu na sifa nzuri, si uchaji ninaoufahamu mimi.

Na wala hakunyamaza kabisa. Aliendelea kusomesha, akaandika vitabu vidogo vya kuwafundishia watoto, kama Hidayatul Atfal, na mwaka 1944 makala zake za gazetini zikakusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, kiti ambacho mlezi wake alipata kukikalia.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa na watu wasiompenda, na wengine hawakuwa wajinga. Aliziita bidaa baadhi ya mila ambazo wazee wetu walizipenda na kuzirithi, na hakuwa mtu wa kutafuta neno laini. Huku Mombasa na kule Lamu wako wanaolitaja jina lake kwa mdomo wa kubana mpaka leo. Mimi mwenyewe ni mtu wa kaswida na maulidi, na ziko kurasa zake nikizisoma hugeuza haraka. Lakini sijaona adui yake hata mmoja aliyesema kwamba hukumu yake ilinunuliwa.

Alifariki tarehe 1 Aprili 1947, akiwa kazini, na umri wake miaka 56. Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha kazi nyingi katikati, tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ikiwamo, na historia ya ukoo wake aliyoiandika kwa Kiarabu, ambayo ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.

Kilichofuata baada yake kinaonyesha alikuwa amelinda nini. Mwaka 1951, miaka minne tu baada ya kufa kwake, kesi ya wakfu iliyotoka Kenya ilifika London, katika Baraza la Mfalme, ambalo ndilo lililokuwa korti ya mwisho ya makoloni. Mabwana wale wakaamua kwamba wakfu alioweka mtu kwa ajili ya kizazi chake si halali, kwa kufuata uamuzi wa kesi ya Bengal ya mwaka 1894. Mwanafunzi yeyote aliyesoma Minhaj ya Imam Nawawi angeweza kuwaambia kwamba katika madhehebu yetu wakfu huo ni sahihi. Ikabidi sheria itungwe hapa Kenya ya kuurudishia uhalali wake.

Wanafunzi wake nao walikalia kiti chake. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1963 hadi 1968, akapokewa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, yule aliyetufasiria Kurani nzima kwa Kiswahili mwaka 1969. Wote wawili walifariki mwaka 1982, na wote wawili walikuwa na ugonjwa wa mwalimu wao: hawakuweza kukaa kimya na kalamu iko karibu. Korti yenyewe iliingia katika Katiba ya uhuru, na Katiba ya mwaka 2010 imeiweka katika kifungu cha 170, kwa mambo yale yale ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, pale wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa na kadhi.

Neno hilo la kukubali lina uzito kuliko linavyoonekana. Maana yake dada wa Kibokoni lazima ajue kwanza kwamba mlango upo, na kwamba ana haki ya kuuingia au kutouingia. Kadhi hatamwambia, kwa kuwa kadhi yuko kitini anangoja. Atakayemwambia ni karani akiwa na moyo, au msaidizi wa sheria aliyekuja kukaa barazani kwake.

Kuhusu Uwongozi, mwaka 2017 makala zake zilitolewa upya kwa Kiswahili na Kiingereza na wachapaji wa Brill wa mji wa Leiden, Uholanzi, kwa bei ambayo mtu wa Ndia Kuu ataisoma mara mbili akidhani ameona vibaya. Nakala ninayoitumia mimi ni ya zamani, ya kuazima, na mwenyewe ameshamtuma mjukuu wake mara mbili kuja kuidai.