Mwalimu Nyerere na kazi za nyumbani



Katika safu hii ya maisha ya watu waliotutangulia, tumezoea kuwaletea maaskofu, wamisionari na watakatifu. Mara hii tunamleta baba wa familia, na sababu ni swali tulilopewa huko Bariadi.

Vijana wetu wa seminari walipokuwa likizo ya uchungaji, walikaa na jumuiya ndogo ndogo za Bariadi na Itilima. Katika jumuiya moja, mama mwenye watoto watatu ambao hata mkubwa wao hajaanza shule aliuliza jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu. Yeye huamka saa kumi alfajiri. Kuna maji ya kuchota, kuni, uji wa watoto, shamba la pamba, tena ugali, tena kuosha, na mdogo yuko mgongoni muda wote. Aliuliza apunguze nini ili nyumba isimshinde na watoto wasikose. Vijana walinyamaza. Sisi ambao chakula chetu hupikwa na wengine, na kengele ndiyo hutuita mezani, tungemjibu nini?

Tuliporudi tukaanza kusoma upya maisha ya Julius Kambarage Nyerere, Mtumishi wa Mungu, ambaye Kanisa linachunguza maisha yake tangu mwaka 2005. Wengi humfahamu katika siasa. Sisi tulitaka kumwona akiwa nyumbani. Tulichokikuta kinatia moyo, na mahali pengine kinasumbua.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Si mbali na kwetu: ukitoka Bariadi unashuka hadi Lamadi, unashika barabara ya Musoma, unapita Bunda, na baada ya muda umefika nchi ya Wazanaki. Baba yake, Chifu Burito, alikuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Katika boma la namna hiyo kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na jiko lake, na watoto aliowazaa ndiye aliyewalisha. Uchifu wa mume haukumwondolea jembe mkononi. Kambarage alikua akiyaona hayo kila siku, akichunga mbuzi na kushika jembe pembeni ya mama yake, hadi alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora, na kutoka Tabora akaenda Makerere. Alibatizwa mwishoni mwa mwaka 1943. Huko Makerere, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika insha iliyopata tuzo. Hakuandika kuhusu wakoloni. Alichukua mawazo ya John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza aliyetetea usawa wa wanawake, akayapima kwa maisha ya jamii yake mwenyewe, mahali ambapo mwanamke alibeba kazi yote na sauti yake haikuhesabiwa. Baadaye alieleza kwamba aliijua taabu waliyoipata wake wa baba yake. Hapa tunawaomba mafrateri wenzetu wasimame kidogo. Wangapi kati yetu, tukipewa karatasi na kuambiwa tuandike juu ya jambo kubwa, tungeandika juu ya mama zetu na mtungi wa maji?

Alifundisha Shule ya Mt. Maria, Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti. Aliporudi mwishoni mwa 1952 akiwa na shahada, alifanya jambo lililowashangaza watu wa Butiama: alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akajenga kwa mikono yake nyumba ya kumpokelea mchumba wake. Msomi wa Ulaya, na miguu imejaa tope! Januari 1953 alifunga ndoa Musoma na Maria Gabriel, naye mwalimu. Mtoto wa boma la wake 22 alichagua mke mmoja na paa moja. Tunadhani hilo ndilo lilikuwa rahisisho lake la kwanza na kubwa kuliko yote, kwa kuwa jiko moja na meza moja hupunguza mengi hata kabla hujafikiria ratiba.

Wakahamia Pugu, karibu na Dar es Salaam, ambako Mwalimu alifundisha Shule ya Mt. Fransisko. Mwaka huohuo akachaguliwa kuongoza chama cha TAA, na Julai 7, 1954 kikazaliwa TANU. Siku za mapumziko zikawa za mikutano mjini, na mara nyingi alikwenda kwa miguu. Machi 1955, alipotoka Umoja wa Mataifa huko New York, aliambiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha kazi.

Wasimulizi wengi hulitukuza jambo hilo kisha wakaendelea na mikutano ya hadhara. Sisi tulibaki tukiwaza asubuhi iliyofuata. Ndani kulikuwa na watoto wachanga, mshahara umekatika, nyumba ya shule ni ya kurudisha. Familia ilirudi Mara. Kwa miezi kadhaa Mwalimu alipata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll na kutafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo. Waliporudi Dar es Salaam, wakaishi Magomeni, Mama Maria alifungua duka dogo. Baba yuko safarini, Bukoba leo, Lindi kesho, na duka linanunua unga. Mama aliuza dukani, akanyonyesha, akapika, akapokea wageni wa chama ambao hawakuwa na saa maalumu. Watoto walizidi kuja, hadi wakatimia wanane.

Hapa lazima tuseme wazi tunavyoona. Maisha ya Mwalimu yalikuwa mepesi, hayana makuu, na kwa haki tunayasifu. Lakini wepesi ule ulikuwa na mtu aliyeubeba. Yeye aliyeandika Makerere juu ya mzigo wa mwanamke aliuacha mzigo wa nyumba yake, kwa miaka ile ya kutafuta uhuru, juu ya mabega ya mke wake. Hatusemi hivyo kumshusha. Nchi ilimhitaji, na Mama Maria alikubali kwa hiari. Ila tukimpelekea yule mama wa Bariadi habari za kiongozi aliyeishi bila makuu, bila kumwambia ni nani aliyekuwa akiamka usiku mtoto akilia, tutakuwa tumempunja.

Baada ya uhuru ingekuwa rahisi kuongeza vitu, kwani ndivyo wengi walivyofanya. Ikulu ilikuwa na vyumba na watumishi wa kutosha. Mwalimu hakuipenda kama makazi. Alijenga nyumba Msasani kwa mkopo wa benki, akahamia huko na familia. Watoto walisoma shule za kawaida za serikali pamoja na watoto wa majirani. Siku yake ilianza na Misa ya asubuhi katika kanisa la Mt. Petro, Oysterbay, kama muumini yeyote. Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa chuo kikuu kulalamikia Jeshi la Kujenga Taifa na masilahi yao, alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wa mawaziri pia.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa familia nyingi za viongozi sheria hiyo iliingia hadi jikoni, maana miradi midogo ndiyo iliyokuwa ikilipa ada na kitoweo. Haikuwasamehe hata wa Msasani: Mama Maria alikuwa na mradi wa kuku, akauacha.

Katika Azimio hilohilo kuna sehemu ambayo wanaume hatupendi kuisoma kwa sauti. Inahesabu saa. Inasema kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Insha ya Makerere ilikuwa imerudi, safari hii katika tamko la nchi nzima. Tulipoisoma sehemu hiyo pamoja na wazee wa jumuiya moja ya Bariadi, palikuwa na kicheko kirefu upande wa akina mama, na wanaume wakaanza kuzungumzia mvua.

Mwaka 1973 serikali yake iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu, kuyalinda maji ya kunywa. Kwa nchi yetu ya malambo na kichocho, hayo hayakuwa madogo. Huwezi kurahisisha nyumba yenye mtoto anayeharisha, maana ugonjwa mmoja hula wiki nzima ya mama. Tunaipenda kampeni ile kwa kuwa iliamini watu kukaa, kujadili na kukubaliana.

Hatuwezi kusema hivyo kuhusu Operesheni Vijiji. Nia ilikuwa njema, na ukiitazama ilikuwa rahisisho la kazi za nyumbani kwa kiwango cha taifa: watu wakae pamoja, shule, maji na zahanati visogee mlangoni. Lakini kufika 1974, huku kwetu ambako wakati ule kulikuwa mkoa wa Shinyanga, watu walihamishwa kwa amri, wengine kwa nguvu, na nyumba zikabomolewa. Msukuma alikuwa amezoea kukaa katika kaya yake, ng'ombe karibu, na ngitili, eneo la malisho lililofungwa kwa ajili ya kiangazi, ambalo lilimpa pia kuni. Kijijini mashamba yakawa mbali, ngitili nyingi zikapotea, na anayetembea kutafuta kuni tunamjua. Kuanzia 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulifanya kazi na wanakijiji kurudisha ngitili hizo, na maelfu mengi ya hekta yaliota tena. Mtu aliyemwonea huruma mama yake alipanga nyumba za akina mama wengi bila kuwauliza wapi wanapata kuni. Tunafikiri hili ndilo somo gumu zaidi kwetu tunaojiandaa kuwa mapadre, kwa sababu nasi tutakuwa na mimbari na maneno ya kupanga nyumba za watu.

Basi tuliporudi kwa yule mama na jumuiya yake, hatukwenda na ratiba. Tuliwasimulia maisha haya kama mlivyoyasoma, pamoja na kasoro zake, kisha tukauliza wao wanafanyaje. Mazungumzo yalichukua jioni mbili. Mmoja alisema msimu wa viazi hukausha matobolwa ya kutosha, ili siku za palizi watoto wapate cha kula bila kuwasha moto mchana. Mwingine amepunguza vyombo: kila mtoto ana sahani moja na kikombe kimoja, na mwenye miaka mitano huosha chake na kukiweka kichanjani. Jirani wawili hupokezana watoto, mmoja anakwenda kisimani na mwenzake anabaki. Baba mmoja, baada ya kukohoa mara mbili tatu, alisema ana baiskeli na madumu manne, na kwamba maji ya jioni anaweza kuyafuata yeye. Mke wake alisema ameandika tarehe.

Mwalimu alistaafu mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Bado safari za kutafuta amani zilimwita huku na huko, lakini alipokuwa nyumbani alishika jembe, akasali, na akaendelea kutafsiri Maandiko kwa tenzi. Mama yake aliishi hadi 1997. Jeshi lilimjengea nyumba kubwa hapo kijijini, naye akaishi ndani yake kwa muda mfupi tu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama.

Mwaka huu baadhi yetu tutapita Butiama tukitoka likizo. Wanaofika pale huonyeshwa kaburi lake, na hatua chache kutoka hapo, makaburi ya Chifu Burito na Mugaya. Yule mama wa Bariadi ametuagiza tumwombee kwenye kaburi la Mugaya.