Mwalimu Nyerere na kiti cha mfanyakazi barazani

Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, huingia nchi kavu Somanga, wilayani Kilwa, baada ya bomba kupita chini ya bahari kwa takriban kilomita 25. Iligunduliwa wakati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere akikabiliwa waziwazi na swali la nani aamue mambo ya kiwanda: meneja peke yake, au pamoja na mfanyakazi.

Mwalimu alizaliwa Butiama Aprili 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha mwaka 1955 akaacha ualimu Pugu ili aitumikie TANU. Vyama vya wafanyakazi vilisimama naye katika kudai uhuru. Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1962 sheria ilibana migomo, na kufuatia maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, shirikisho la TFL lilivunjwa, ikaundwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo sheria nyingine ilianzisha kamati za wafanyakazi na kumzuia mwajiri kumfukuza mtu apendavyo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Kiti kilipatikana, lakini mabaraza yalishauri tu, na wakubwa wa idara walikuwa wengi humo.

Februari 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, ambao kifungu chake cha 15 kilikemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikishika kuliko wakubwa walivyotazamia. Migomo ikazuka, safari hii madai yakiwa heshima kabla ya mshahara. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye mali wakaendelea kuzalisha wenyewe. Serikali iliyowahimiza sasa ilitaka nidhamu. Kwingineko waliogoma walipoteza kazi.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985, akafariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999. Sheria ya kazi ya 2004 iliyachia makubaliano ya chama na mwajiri suala la ushiriki. Katika taasisi za umma, mabaraza yangali yakikutana kupitia makadirio ya bajeti.